Sinia moja, watu wanne, sehemu tano

Kampala, Uganda. Kuna neno ambalo mtu aliyehama vita hujifunza haraka kuliko mengine yote: "Nimeshiba." Mgeni hulisema anapoingia katika nyumba iliyompokea na kuona sufuria ni ndogo. Mama hulisema ili watoto wamalize. Baba hulisema njiani, mwenzake anaponunua mandazi mawili na kumnyooshea moja. Wakaaji wa Goma waliopokea jamaa kutoka Rutshuru na Masisi tangu mwaka 2022 walilisikia neno hilo kila jioni. Baada ya mwezi wa kwanza wa 2025, wengi wao walilisema wenyewe, katika nyumba za watu wengine.

Neno hilo lina heshima yake. Linamsaidia mgeni asionekane mzigo, na mwenyeji asione aibu. Lakini lina bei pia. Anayelisema kila siku huzoeleka hivyo, na mwishowe watu huacha kumwita. Anabaki na heshima yake, peke yake, na tumbo tupu.

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Sake, anayeishi sasa Kampala. Jina lake na majina ya wenzake hayatajwi hapa, maana wana jamaa waliobaki nyuma. Aliondoka Sake mwezi wa pili wa 2024, mabomu yalipokaribia mji, akaishi Bulengo chini ya bashi karibu mwaka mzima. Goma ilipoingiliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 na kambi zikaanza kuvunjwa, hakurudi Sake. Alipitia Bunagana, akavuka kuingia Uganda.

Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Wakongomani ni kundi la pili baada ya watu wa Sudan Kusini. Sheria ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Lakini msaada wa chakula hutolewa kule makambini, kama Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja. Anayechagua kukaa Kampala hujitegemea. Mwalimu alichagua Kampala kwa sababu alipata watoto wachache wa kufundisha Kifaransa nyumbani kwao. Wanamlipa kwa wiki, wengine wanachelewa.

Marafiki zake watatu wote ni watu wa Kivu. Mmoja ni mama kutoka Minova, anayeuza vitenge akitembea mtaa kwa mtaa. Mwingine ni fundi wa cherehani kutoka Bukavu, aliyepata kona ya duka huko Nsambya. Wa tatu ni kijana wa Goma, mdogo wao wote, anayejua Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Luganda kidogo. Kijana huyo ndiye aliyepata kazi ya mshahara, kutafsiri maneno ya wagonjwa katika kliniki moja. Mwezi wa kwanza ulipoisha alisema kwamba kwao mshahara wa kwanza haulali bila watu kuula. Akawaita wote siku ya Jumatano, saa kumi na mbili jioni, huko Kabalagala.

Kabalagala ni mtaa wa kusini mwa Kampala, jirani na Nsambya. Una kelele za baa na muziki, na kwa miaka mingi umejulikana pia kwa mikahawa ya Waethiopia na Waeritrea. Kijana alichagua mmoja wa mikahawa hiyo kwa sababu aliupitia kila siku akienda kazini, na harufu ya kahawa ilikuwa ikimfuata mpaka barabarani.

Mwalimu alifika mwisho. Kabla hajaketi, alisema: "Nyie mukule tu. Mimi nimetoka kula nyumbani."

Hakuna aliyebisha. Katika mkahawa wa kawaida, mambo yangeishia hapo. Kila mtu angeagiza sahani yake, mwalimu angeagiza maji, na wenzake wangekula haraka wakiangalia pembeni. Sahani ya mtu mmoja mmoja inaruhusu uongo wa namna hiyo. Inaonyesha nani ana pesa na nani hana, na inampa asiye nazo mahali pa kujificha.

Lakini kwa Waethiopia chakula hakiletwi hivyo. Kijana aliagiza sinia moja kubwa ya watu wanne, kwa shilingi 40,000 za Uganda. Kwanza dada mhudumu alikuja na birika la maji, sabuni na beseni, akawanawisha mikono mmoja baada ya mwingine. Mama wa Minova aliangalia jambo hilo kwa makini. Watu wa Kivu hawakusahau Ebola ya 2018 hadi 2020, wala mpox iliyofuata, na kwa wengi kula kwa mkono katika sahani moja kulianza kuogopwa. Mama alisugua mpaka kwenye kucha, akamtazama kila mmoja afanye vile vile. Mwalimu naye alimwagiwa maji. Kukataa kunawa ingekuwa vigumu zaidi kuliko kukataa kula.

Sinia ilipowekwa katikati, wote walinyamaza kidogo. Juu yake kulikuwa na injera, mkate mpana na mwembamba kama chapati kubwa, laini, wenye matundu madogo upande wa juu. Hutengenezwa kwa unga wa tefi, nafaka ndogo sana inayolimwa Ethiopia, ingawa nje ya nchi hiyo wengi huichanganya na nafaka nyingine. Unga huchanganywa na maji na kuachwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha humwagwa juu ya bamba la moto. Juu ya injera kulikuwa na vilima vidogo vya rangi mbalimbali: dengu nyekundu zenye pilipili, dengu za njano zisizo na pilipili, mboga za majani, kabichi na viazi, na shiro, ambayo ni uji mzito wa unga wa dengu. Pembeni kulikuwa na injera nyingine zilizokunjwa kama vitambaa.

Fundi alishika moja, akaivuta kwa vidole viwili kama anavyopima kitambaa dukani. "Hii ni chakula ao ni kitenge?" aliuliza.

Hakukuwa na nyama. Kijana alieleza kwamba Wakristo Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, hawali nyama, maziwa wala mayai, na ndiyo sababu siku hizo sinia ya mboga huwa na vitu vingi. Mkahawa ulikuwa na nyama kwa wasiofunga, lakini sinia ya kufunga ilikuwa na bei nafuu. Alisema hivyo bila kuona haya. Mama alicheka. "Sisi Bulengo na Minova tumefunga hata siku zisizoandikwa," alisema.

Ladha ya kwanza ni uchachu. Mtu asiyezoea hukunja uso. Lakini mama alisema anaujua uchachu huo, ni ndugu wa ule wa muhogo uliolowekwa. Unamega kipande cha injera kwa mkono wa kulia, unakifunika juu ya dengu, unakibana na kukiinua. Hakuna kijiko. Kila mtu anakula upande ulio mbele yake, havuki kwenda kwa jirani. Aliye na kitu kizuri mbele yake hukisogeza kwa mwenzake. Mtoto wa Kivu aliyelelewa kwenye sahani moja na ndugu zake anaijua sheria hiyo. Anajua pia kwamba mkubwa huacha mkono mapema ili wadogo wamalize.

Hapo ndipo uongo wa mwalimu ulipata shida. Upande wake wa sinia ulibaki mzima. Wenzake watatu walikuwa wameanza kuchimba pande zao, na mbele yake dengu zilikaa kama zilivyoletwa. Katika sinia ya pamoja, asiyekula anaonekana kuliko anayekula sana.

Dada mhudumu alipita, akaona, akasema kitu kwa Kiingereza. Kijana akatafsiri: kwao kuna desturi inayoitwa gursha. Mtu anamega, anaviringisha vizuri, anamtia mwenzake mdomoni kwa mkono wake. Ni alama ya upendo na heshima, na kuikataa si adabu.

Walitazamana. Kwa watu wa Kivu, mkubwa halishwi mdomoni. Analishwa mtoto, analishwa mgonjwa, na siku ya arusi bibi na bwana hulishana keki watu wakipiga vigelegele. Kijana hakuthubutu kumlisha mwalimu. Fundi naye alijifanya hajasikia. Mama wa Minova ndiye aliyemega kipande, akakijaza dengu nyekundu, akakinyoosha juu ya sinia.

"Mwalimu, fungua kinywa."

"Mama, mimi nimeshiba."

"Sikuulizi kama umeshiba. Mkono wangu unachoka."

Alifungua. Meza ya jirani, yenye Waethiopia watatu, walipiga makofi. Mwalimu alitafuna kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, na fundi akasema ni pilipili. Inawezekana ilikuwa pilipili, maana kile kiungo chao chekundu kinachoitwa berbere hakina mchezo. Kisha mwalimu alinyoosha mkono wake mwenyewe, akaanza kula upande wake. Alikula kama mtu ambaye hakuwa ametoka kula nyumbani.

Baadaye alieleza, si kwa kuulizwa. Alisema kule Bulengo alipakana na familia yenye watoto watano. Jioni jiko la makala lilipowashwa, yeye alikuwa anaondoka na kutembea mpaka watoto wamalize, ili mama wa watoto asilazimike kumkaribisha. Akirudi, akiulizwa, alisema ameshiba. Alifanya hivyo miezi mingi. Alipofika Kampala, miguu yake iliendelea kumtoa nje kila alipoona sufuria.

Kisha akasema jambo la pili, na hapo mazungumzo yakawa magumu. Mama yake mzazi alibaki upande wa Sake. Benki za Goma zilifungwa mji ulipoingiliwa. Pesa hupita kwa simu, na kila mkono unaoipitisha unakata kidogo. "Shilingi 40,000 hizi," alisema, akionyesha sinia, "kule ni maharage ya siku nyingi. Nitamwambia nini mama? Kwamba jana nilikula katika mkahawa wa Waethiopia?"

Fundi alimjibu kwamba hata wakilala njaa wote wanne, hakuna maharage yatakayoota Sake kwa njaa yao. Mwalimu alisema hilo ni kweli, lakini pesa iliyoliwa haitumwi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Kijana, aliyekuwa ameleta watu kwa furaha, aliinamisha kichwa. Swali hilo wanaliuliza watu wengi waliohama, kila wanaponunua nguo mpya, wanapocheka kwa sauti, wanapopiga picha. Wengine huficha picha hizo, ndugu wa nyumbani wasizione.

Mama hakuingia katika ubishi. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya mkahawa, ambako dada mhudumu alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi mbele ya jiko dogo la makala, akiandaa kahawa. Sakafuni alikuwa ametandaza majani mabichi. Mbele yake kulikuwa na punje za kahawa ambazo hazijakaangwa.

Mama aliinuka, akaenda kuinama pale. Baba yake alilima arabika katika vilima vya Minova. Tangu utotoni aliijua kazi ya kuchuma matunda mekundu, kuyamenya, kuosha, kuanika, na kuchambua punje mbaya kwa mkono, kazi inayofanywa zaidi na wanawake. Lakini nyumbani kwao walikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Iliondoka kwa magunia, na nyingine, huko Idjwi na pwani za ziwa, ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wako waliozama nayo. Mama alikuwa ameshika punje za kahawa maisha yake yote, na hakuwahi kuona zikikaangwa.

Alitazama kidogo, akanyoosha kidole, akatoa punje tatu nyeusi. Dada mhudumu alimtazama, kisha akamsogezea chombo chote. Hawakuwa na lugha moja. Mama alichambua mpaka akamaliza, na mwingine akakaanga. Moshi ulipopanda, dada alizungusha kikaango kwenye meza zote ili kila mtu avute harufu. Kahawa ikatwangwa, ikapikwa katika jebena, chungu cha udongo chenye shingo ndefu, ikamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na masikio, pamoja na bisi za mahindi kwenye sahani.

Kahawa hiyo hunywewa mara tatu, kwa unga ule ule unaoongezewa maji, kwa hiyo kila mara inapungua ukali. Mara ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Fundi alisikia neno la mwisho, akainua kichwa. "Hata wao wanasema baraka?" Ndiyo, na maana ni ile ile. Mgeni anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu ameondoka bila baraka. Mwalimu, aliyekuwa ametazama saa mara mbili, akabaki.

Katika kikombe cha pili mazungumzo yaligeukia wenyeji wao. Dada mhudumu alisema alipitia Nakivale kabla ya kufika Kampala. Waethiopia wanaijua njia ya ukimbizi. Baada ya mapinduzi ya 1974 yaliyomwondoa Haile Selassie, utawala wa kijeshi ulioitwa Derg uliwatoa watu wengi sana nchini, na wengi wao walifungua mikahawa mahali walipofika, Marekani, Ulaya na miji ya Afrika. Mwaka 1984 na 1985 dunia iliijua Ethiopia kwa njaa. Kisha vita vya Tigray vilianza mwezi wa kumi na moja 2020, mpaka makubaliano ya Pretoria miaka miwili baadaye. Pamoja na hayo yote, leo mtu anayetaja Ethiopia katika miji mingi ya dunia anataja pia injera na kahawa.

Mwalimu alilifikiria hilo. Kivu nayo inajulikana kwa vita. Nani, nje ya Kivu, anajua sambaza zilizokaangwa, sombe iliyotwangwa vizuri, jibini la Masisi? Alisema, kama anaongea peke yake, kwamba watu hawa waliondoka kwao na sahani yao, "na sisi tuliondoka na njaa tu."

"Sahani njo hii tunakula," alisema fundi, akimega injera ya chini kabisa, ile iliyokuwa imelowa mchuzi wa pande zote. Na kweli, kwa Waethiopia sahani yenyewe huliwa mwisho, na ndiyo tamu kuliko yote. Walipomaliza, sinia ilibaki chuma kitupu, na hakuna aliyeweza kusema nani alikula zaidi.

Ilikuwa katika kikombe cha tatu mama alipotoa shauri. Yeye ni mtu wa likelemba, anajua kugawa pesa. Alisema: sinia ilikuwa ya watu wanne, shilingi 40,000, basi sehemu ya mtu mmoja ni 10,000. Kuanzia leo, wakikaa kula wanne, wahesabu watano. Sehemu ya tano itumwe nyumbani, kwa mtu mmoja, kwa zamu. Hivyo anayekula hatamficha aliye kule, na aliye kule hatakula peke yake.

Kijana alitaka kulipa yote. Mama alikataa. Kijana alipe sinia, ni mshahara wake wa kwanza na ni haki yake. Sehemu ya tano itoke kwa wengine watatu. Yeye aliweka 4,000, fundi 4,000. Mwalimu alitafuta mfukoni, akatoa noti mbili za elfu moja moja, akaziweka mezani taratibu, akazinyoosha. Mikono yake ilikuwa bado na harufu ya berbere. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike Kampala kutoa pesa mahali alipokula.

Zamu ya kwanza walimpa yeye. Asubuhi yake pesa ilikwenda, ikapungua njiani kama kawaida, na mama yake akapiga simu kuuliza imetoka wapi. Mwalimu alimweleza ukweli, pamoja na ule mkate wenye matundu na kulishwa mdomoni. Mama mzee alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena, hakuuliza ilikuwa shilingi ngapi. Aliuliza kama alikula vizuri.

Mwezi uliofuata hawakurudi Kabalagala, bei iliwashinda. Walikutana katika chumba cha mama, Nsambya. Mama alikuwa amenunua sinia ya bati katika soko la Owino, akaweka bugali katikati na sombe pembeni. Mwalimu alikuja na mfuko wa mukene, samaki wadogo wa ziwa Victoria, akisema angalau wanafanana na sambaza. Alifika wa kwanza, akanawa, akaketi. Jirani wa mlango wa pili, mama Mkongomani aliyefika karibuni na watoto wawili, alikaribishwa. Akasema ameshiba. Mwalimu alisogea upande, akamwachia nafasi mbele ya sinia, akawaita watoto wake kwanza.

Walihesabu sehemu moja zaidi ya watu waliokula, kama walivyopatana. Zamu hiyo pesa ilikwenda Minova.